Siku ya Tisini na Moja

Kalenda ilikuwa ya duka moja la dawa pale Kitoro, mjini Entebbe, tuliyopewa bure Desemba. Mama Imani aliitundika jikoni, juu ya mtungi wa gesi, na kuanzia mwisho wa Machi 2020 mimi ndiye niliyekuwa naichora. Kila asubuhi kabla ya chai, mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Mara yangu ya mwisho kutua nikiwa na abiria ilikuwa Ijumaa jioni, tarehe 20 Machi, tukitokea Juba. Jumapili iliyofuata, usiku wa manane, uwanja wa Entebbe ukafungwa kwa ndege za abiria. Nikaanza kuhesabu.

Tarehe 19 Juni nilisimama mbele ya kalenda ile kalamu mkononi, nisichore.

"Baba Imani, hesabu imekupotea?"

"Haijapotea. Imefika."

Ilikuwa siku ya 91. Katika kazi yetu, rubani anayetaka kubeba abiria lazima awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, kwa ndege ya aina ile ile anayotaka kuirusha au kwa simuleta yake, yaani mashine ya ardhini inayoiiga ndege hiyo. Siku ya 91 hakuna aliyekufukuza. Leseni iko kabatini, jina lako limo, muhuri haujafutika. Lakini ukipigiwa simu saa hiyo uambiwe njoo tuondoke, jibu lako ni kwamba huwezi.

Vijana wanaomaliza chuo cha urubani cha Soroti huniuliza swali moja tu kila wanaponipata: kampuni gani ina kazi ya uhakika? Nawaelewa. Wazazi wao wameuza mashamba, wengine wamekopa, na kijana ametoka na leseni ya urubani wa kibiashara na saa mia mbili na kitu za kuruka kwenye daftari. Anataka kusikia jina la kampuni. Mimi sina jina la kumpa. Ninachoweza kumpa ni yale niliyoyaona jikoni kwangu mwaka ule, na naandika haya nikiwa na uchungu nao, kwa sababu nawaona wakitia saini karatasi zile zile nilizotia mimi.

Seremala akikaa mwaka mzima bila kazi, siku akipata mbao anachukua randa na kuendelea. Mwalimu vivyo hivyo. Ujuzi wa rubani una tarehe ya mwisho, tena si moja. Cheti cha afya cha daraja la kwanza ni miezi 12 kwa mtu wa umri wangu wa wakati ule. Ruhusa ya kuruka kwa vyombo, yaani kuruka ndani ya mawingu bila kuona nje, inapimwa upya kila mwaka. Mtihani wa umahiri kwenye ndege yako ni kila miezi sita, na kwa ndege kama yangu mtihani huo unafanyiwa kwenye simuleta. Kwetu Uganda simuleta ya aina hiyo haikuwepo, tulikuwa tunapelekwa Addis Ababa. Tiketi, hoteli, ada ya saa za mashine, mkaguzi: yote analipa mwajiri. Ndiyo maana nasema mwajiri wa rubani hashiki mshahara peke yake. Ameshika na ufunguo wa ujuzi wenyewe. Siku akiuachia, unabaki na kitu kinachochacha kama maziwa.

Mwaka ule mamlaka nyingi za anga duniani ziliongeza muda wa leseni na vyeti, maana hakuna aliyeweza kusafiri kwenda kupimwa. Ilitusaidia kwenye karatasi. Mikono haikuongezewa muda.

Kwa hiyo nilibandika picha. Ilikuwa picha kubwa ya chumba cha marubani cha Dash 8-400, ndege niliyokuwa nairusha, ukubwa halisi, vipande vinne nilivyochapisha Kampala kabla ya amri ya kutotoka nje. Niliibandika ukutani chumbani kwa Imani, nikaweka kiti cha plastiki mbele yake. Kila jioni saa moja, magari yakiwa yamenyamaza barabarani kwa ajili ya kafyu, naketi pale nagusa karatasi: pampu, mafuta, taa, injini namba mbili, injini namba moja. Mama Imani ameketi kushoto kwangu kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananisomea orodha ya ukaguzi. Ndege ile ni ndefu na imekaa chini. Ukitua ukainua pua kupita nyuzi sita hivi, mkia unasugua lami. Kwa hiyo rubani asiyeshika usukani anatakiwa kuita mapema pua ikifika nyuzi tano. Mke wangu hajawahi kuingia chumba cha marubani maishani mwake, lakini kufikia Julai alikuwa anaita "Pua tano!" kwa sauti ambayo hata kapteni mkali angeitikia, nami nalegeza mkono juu ya usukani ambao haupo.

Mchana nilikuwa nafundisha watoto wa majirani hesabu na fizikia chini ya mwembe. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, na wazazi walikuwa wananilipa kwa ndizi, mukene, yaani dagaa, wakati mwingine elfu tano tano. Niliwafundisha pembe kwa mfano wa upepo wa ziwani unaoisukuma ndege pembeni. Wale watoto walinisaidia kuliko wanavyojua.

Ninapaswa kusema jambo kuhusu baba yangu hapa, kwa sababu bila yeye ningedhani yaliyonikuta ni ya corona tu.

Mzee alikuwa mtu wa Tanga, fundi wa injini. Alikuja Entebbe na East African Airways, lile shirika la Kenya, Uganda na Tanzania lililoanza mwaka 1946. Ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha mezani, si cha kambini wala cha mpakani kama Waganda wengi wanavyokijua. Mapema mwaka 1977 shirika likafa, nchi zikigombania nani alipe nini, na mwaka huo huo jumuiya yenyewe ikavunjika. Mafundi, marubani na wahudumu wakabaki na beji za shirika lisilokuwepo. Mzee akabaki Entebbe, akaingia shirika la Uganda lililokuwa limeundwa mwaka uliotangulia. Hilo nalo likavunjwa 2001. Aliniambia siku nilipopata leseni yangu, akiifuta miwani kwa ncha ya shati: "Mwanangu, kila ndege utakayoiona pale uwanjani ina mtu anayeidai. Siku mdai akija, hataanza kuzungumza na wewe."

Halafu Juni 2014. Baada ya ukaguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mamlaka ya Uganda iliondoa vyeti vya uendeshaji vya mashirika ya hapa, na Air Uganda, iliyokuwa ikiruka tangu 2007, ikasimamisha safari zake, haikurudi tena. Hapakuwa na ajali, hapakuwa na maradhi, abiria walikuwepo na tiketi zao mkononi. Rubani aliyelala akiwa na rosta ya wiki nzima aliamka hana kazi kwa sababu ya tatizo la usimamizi wa usalama lililokuwa juu ya kichwa chake. Mwaka 2019 Uganda Airlines ilifufuliwa, ndege zake za kwanza za CRJ900 zilitua Entebbe Aprili na kuanza biashara Agosti, na nilisimama kando ya barabara na Imani mabegani nikiziangalia. Nilifurahi kweli. Miezi saba baadaye uwanja ulikuwa kimya, kaloli, wale korongo wakubwa, wakitembea mahali pa kuegesha magari.

Watu huuliza kwa nini sisi wa ndege za kikanda huumia mapema. Ndege yenye viti 70 inayokwenda Juba, Kigali au Bujumbura haiishi kwa wenyeji wa miji hiyo peke yao. Wengi wa waliomo wanaunganisha: wametoka Dubai au Brussels, sisi tunawamalizia safari. Ndege kubwa zikisimama, sisi hatuna wa kumpokea. Wengine ni watu wa mikutano na mashirika ya misaada, na mikutano ikihamia kwenye simu, kiti hicho kinabaki wazi kwa muda mrefu. Mkulima na mfanyabiashara mdogo ana basi la usiku la Nairobi. Na gharama zetu, kodi ya ndege, bima, vipuri, zote ni za dola, ndege iwe angani au imefunikwa turubai. Mwaka 2020 usafiri wa abiria wa anga duniani ulishuka kwa karibu asilimia 66. Shirika kubwa lenye serikali nyuma yake linaweza kusubiri. Dogo linahesabu wiki.

Hata kwenye nchi tajiri walioanguka mapema walikuwa wa aina yetu. Uingereza, Flybe ilifunga tarehe 5 Machi 2020, kabla hata ya karantini yao. Marekani, Trans States na Compass, kampuni mbili za kikanda zilizokuwa zikiruka kwa niaba ya mashirika makubwa, zilifunga Aprili. Huko kuna jambo nililolisoma nikaona wivu. Rubani mwenye chama cha wafanyakazi ana namba yake kwenye orodha ya ukongwe. Kazi ikipungua, wanaanza kusimamishwa wa mwisho kuingia, na kazi ikirudi wanaitwa kwa kufuata ukongwe, mkongwe zaidi kwanza. Jina lako halifutwi. Lakini endelea kusoma: namba hiyo ni ya kampuni, si ya mtu. Kampuni ikifa namba inakufa nayo. Kapteni wa miaka 20 wa Trans States alipokwenda kubisha hodi kwingine alianza chini kabisa kama rubani msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi. Na kufikia 2022 kampuni za kikanda za huko zilikuwa zinaegesha ndege kwa kukosa makapteni na kupandisha mishahara mbio. Miaka miwili tu. Aliyeweza kuvuka miaka hiyo miwili huku karatasi zake zikiwa hai alichagua kazi.

Sasa yangu.

Kampuni niliyoirukia sitaitaja. Makao yake yalikuwa nchi jirani, mimi nilikaa Entebbe. Mkataba wangu haukuwa na kampuni hiyo. Ulikuwa na wakala, aliyesajiliwa kisiwa fulani cha mbali, na ndani yake niliitwa "mtoa huduma anayejitegemea". Nilipousoma mara ya kwanza niliona mshahara, nikaona siku za mapumziko, nikatia saini juu ya boneti ya gari. Sikujua neno lile moja lilikuwa limenitoa nje ya sheria ya ajira.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 si mbaya. Mwajiriwa wa zaidi ya mwaka mmoja mpaka miaka mitano anastahili notisi ya mwezi, wa miaka mitano mpaka kumi miezi miwili, aliyepita hapo mitatu. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kumi au zaidi kwa mkupuo lazima amwarifu kamishna wa kazi na aeleze sababu. Na akiba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwako, inakusubiri. Yote hayo ni ya mwajiriwa. Mimi sikuwa mwajiriwa wa mtu. Kwa miaka miwili na ushee hakuna aliyeniwekea hata shilingi moja NSSF, na mimi sikuuliza, kwa sababu dola zilikuwa zinaingia kila tarehe 28.

Barua pepe ya kwanza ilikuja Aprili: likizo bila malipo. Ya pili ilikuja Julai, mistari minne: huduma zako hazihitajiki kwa sababu za kibiashara. Hilo nililitarajia. Ya tatu ndiyo iliyoniamsha usiku. Walikuwa wamenilipia mafunzo ya Dash 8, nami nilikuwa nimesaini bondi ya miaka mitatu, kwamba nikiondoka kabla nitarudisha gharama kwa kadiri ya miezi iliyobaki. Ilikuwa imebaki miezi minane. Wakadai dola 6,000.

Wao ndio walionitoa.

Nilikwenda kwa wakili Kampala, mwanamke mtulivu mwenye ofisi ya chumba kimoja. Alisoma bondi mara mbili, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Angalia hapa, kaka yangu. Wameandika 'mkataba ukikoma kabla ya muda'. Hawakuandika nani aukomeshe." Neno moja tu lililokosekana. Aliwaandikia, wakajibu, akaandika tena, wakanyamaza. Hawakufuta deni na hawakulidai tena. Lakini kwa miezi kumi na mmoja hawakunipa barua ya kuthibitisha saa zangu na kwamba sina deni nao, na kampuni mbili zilizotaka kunihoji zilitaka barua hiyo kwanza. Hapo ndipo nilipopotezea Dash 8 yangu. Mtihani wa miezi sita ulikwisha, ruhusa ya aina ile ikakwisha, na gharama ya kwenda Addis kujihuisha kwa fedha zangu ilikuwa karo ya Imani ya miaka kadhaa. Mama Imani aliniambia tuuze kiwanja cha Katabi niende. Tulikaa kimya muda mrefu. Nikasema hapana, na mpaka leo sijui kama nilisema sawa.

Kuna kapteni mmoja mstaafu hapa Entebbe, alikuwa rafiki wa baba, namwita Mzee kwa maana zote mbili. Ameona mashirika mawili yakifungwa akiwa kazini. Nilimwendea kipindi kile nikitegemea anipe moyo. Hakunipa moyo. Alinionyesha sanduku la chuma chini ya kitanda chake: madaftari yake yote ya saa, kila ukurasa umepigwa muhuri na kampuni kila mwezi tangu ujana wake, nakala za kila mtihani, kila cheti cha afya. "Sikungoja kuondoka ndipo niombe saini," alisema. "Kila mwisho wa mwezi nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa marubani na daftari. Walinichukia kidogo." Akaniuliza cheti changu cha afya kinaisha lini. Nilipomwambia Septemba akatoa noti kutoka kwenye mfuko wa koti, akazikunja na kunitia mkononi. "Kalipie. Mengine yatasubiri. Hicho kisife." Nilikilipia. Nilipopata kazi mwaka uliofuata, ni kwa sababu cheti kilikuwa hai wiki ile simu ilipoita.

Kazi yenyewe ni Caravan. Injini moja, rubani mmoja, watalii tisa au kumi na mabegi yao laini, kutoka Kajjansi kwenda Kihihi kwa masokwe, Pakuba kwa maporomoko, Kidepo kwa wale wenye fedha na subira. Kajjansi ndipo nilipoanzia nikiwa kijana, pale penye viwanda vya matofali na vigae. Siku niliyorudi, ndege niliyopangiwa ilikuwa imekaa muda, fundi alikuwa anachokonoa udongo wa nyigu kwa waya mwembamba kutoka kwenye mrija wa kupimia mwendo. Nyigu wawili tu wakijenga humo, kipimo cha mwendo kinadanganya. Niliinama nikamshikia tochi. Udongo ulitoka vipande vidogo vyekundu, akavipanga kiganjani mwake avihesabu, ahakikishe hakuna kilichobaki ndani.

Napenda kuruka Caravan, na ninaisema hivyo bila kujificha. Lakini mshahara ni chini ya nusu, na nina saa zaidi ya 4,000 ambazo karibu nusu yake ni za ndege nisiyoruhusiwa tena kuigusa. Safari hii niliomba vitu vitatu kabla ya saini: mkataba uwe wa Uganda na NSSF ndani yake, bondi ife papo hapo kampuni ikiniondoa yenyewe, na kazi ikisimama waendelee kunilipia cheti cha afya na safari tatu za kutua kila siku 90 kwa muda wa mwaka mmoja. Viwili walikubali siku hiyo hiyo. Cha tatu mhasibu alicheka kwanza. Nikamwandikia hesabu kwenye karatasi: mafuta ya mizunguko mitatu ya kiwanja, ada ya daktari, dhidi ya gharama ya kumfundisha mtu mpya utalii ukirudi. Aliichukua karatasi. Kesho yake wakakubali miezi sita.

Wiki iliyopita binti mmoja wa Soroti alinifuata pale Kajjansi asubuhi, ndege ikijazwa mafuta. Amepata kampuni, mafunzo analipiwa, ana furaha hata anasimama kwa vidole. Amebeba mkataba kwenye bahasha ya kaki. Tulikaa chini ya bawa, kivulini, nikamwambia asinionyeshe mshahara, anionyeshe bondi. Tukasoma pamoja kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kama Mama Imani alivyokuwa akinisomea orodha. Tulipofika kifungu cha 14 akasoma mpaka mwisho, akanyamaza, akarudi nyuma akasoma tena.

"Anko," akasema, "hapa hawajaandika nani."

Akachomoa penseli kwenye mfuko wa shati, akatia alama ya kuuliza pembeni. Watalii wa Kihihi walikuwa wameshashuka garini, wanapimwa mizigo. Nikamwachia kivuli, nikaenda kuzunguka ndege.